Sura ya Sita: Macho Kumi na Moja

Doa lilitokea kwenye kioo cha kompyuta saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi, na aliyeliona kwanza aliomba Mungu lisiwe kitu.

Huyo alikuwa mkaguzi wa matukio wa kituo, mwanamke wa makamo ambaye wazazi wake walimpa jina zuri tu, lakini kazini hakuna aliyelitumia. Walimwita Mama Kengele. Mwaka uliopita aliona nuru mpya kwenye picha za satelaiti yao, akapiga kengele, na darubini za nchi tano zikageuzwa kwenda kuitazama. Kumbe ulikuwa mwanga wa jua uliogonga ukingo wa kamera. Tangu siku ile hata mlinzi wa getini humuuliza, "Mama, leo imelia?" Mkataba wake ulikuwa unaisha mwisho wa mwezi, na mkurugenzi alishamwambia bila kupepesa kwamba kengele ya uongo ya pili ikilia, asahau mkataba.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mama Kengele alishtuka, akavuta kiti, akaanza kumhoji mtuhumiwa wake.

Satelaiti ile haikutazama mwanga wa kawaida bali eksirei, mionzi ileile ya kupigia picha mfupa uliovunjika, inayotoka kwenye nyota zenye joto la ajabu. Mionzi hiyo haijali usiku wala mchana, ndiyo maana kituo kilifunguliwa na kufungwa kama benki. Kamera yake ilikuwa na vipande vidogo vya mraba vya kupokea mionzi, maelfu kwa maelfu, ambavyo pale kazini waliviita macho. Jicho likiharibika hung'aa lenyewe bila kuona kitu, na likishajulikana huingizwa kwenye orodha ya macho mabovu, kisha programu ya kusafisha hulifumba.

Swali la kwanza lilikuwa hilo: jicho bovu au nyota? Kipimo chake ni chepesi. Jana saa mbili usiku satelaiti ilijigeuza kidogo, kama ilivyopangwa. Jicho bovu halihami kwenye kamera, satelaiti igeuke isigeuke. Nyota haihami angani, kwa hiyo satelaiti ikigeuka, nyota huangukia macho mengine. Alifungua picha ya baada ya kugeuka. Doa lilikuwepo, dogo, kali, limetulia. Akafungua picha ya kabla ya kugeuka. Giza tupu.

Akakuna kichwa. Nyota gani inazaliwa dakika ileile satelaiti inapogeuza uso? Sadfa za namna hiyo mkaguzi hazimezi hivihivi. Kitu kinachotokea satelaiti ikigeuka na kisichokuwepo kabla yake, mara nyingi ni mwanga wa jua kwenye ukingo wa kamera. Mama Kengele alifuta viganja kwenye sketi.

Na jua lenyewe lilikuwa njiani. Kuanzia kesho asubuhi sehemu ile ya anga ingekuwa karibu mno na jua, na hakuna darubini yoyote ambayo ingeruhusiwa kuielekea kwa miezi mitatu. Leo saa tisa alasiri satelaiti ingepita juu ya antena yao kupokea amri. Isipoamriwa kubaki palepale, saa kumi ingegeukia kwingine kama ratiba ilivyosema.

Alikwenda kwa mkurugenzi.

Huyu naye walimwita Mzee Bado, kwa sababu hilo ndilo lililokuwa jibu lake la kwanza kwa kila ombi, iwe likizo au balbu ya chooni.

"Shikamoo Mzee. Kuna doa."

"Marahaba. Doa au nyota?"

"Ndilo ninalolitafuta. Ni lako?"

Mzee Bado alitazama kabati lake la chuma, kisha akatazama dirisha. Kila mtu kituoni aliijua habari ya bahasha. Kila baada ya miezi mitatu mkurugenzi alikuwa na ruhusa ya kupanda nyota ya mtihani, nyota ya uongo iliyochanganywa kwenye data bila kumwambia mtu. Mkaguzi makini huichunguza na kuikamata, mwenye pupa huipigia kengele akaumbuka. Mahali ilipopandwa huandikwa kwenye karatasi, na karatasi hufungiwa kabatini ndani ya bahasha yenye lakiri. Haifunguliwi mpaka mkaguzi alete taarifa kwa maandishi. Kumuuliza mkurugenzi kabla ya hapo ni kupoteza mate.

"Unajua siwezi kujibu," alisema.

"Mzee, saa tisa satelaiti inapita. Nyota za namna hii huamka wiki mbili tatu, kisha hulala miaka ishirini. Tukiikosa leo, itakapoamka tena mimi nitakuwa nalea vitukuu."

"Basi andika taarifa nitie sahihi amri."

"Na nikiandika ikawa ni yako?"

"Hilo unalijua."

"Nipe basi muda nichunguze."

"Muda si wangu, mama. Ni wa satelaiti."

Saa ya ukutani ilikuwa imefika tano kasoro robo. Haraka haraka haina baraka, lakini na ngoja ngoja huumiza matumbo. Mama Kengele alivuka ua kwa miguu hadi kwenye chumba cha zege chini ya antena.

Fundi wa antena alikuwa mama mmoja mnene mwenye ndala, aliyeishi na mashine zake za kurekodi kama mtu anayefuga ng'ombe. Kila data iliyotoka kwenye satelaiti ilipita kwake kwanza ikiwa ghafi, haijasafishwa wala kuchanganywa na chochote. Aliitunza siku saba, kisha akaandika mpya juu yake.

"Nyota ya mtihani Mzee huichanganya wapi?" Mama Kengele aliuliza, ingawa alijua. Alitaka kusikia kwa mwingine.

"Kule kwenu, kwenye viyoyozi. Kinachoingia hapa ni cha mbinguni. Uongo wote unaanzia huko."

"Nionyeshe ya jana usiku, baada ya kugeuka."

Fundi alibonyeza. Doa likaja. Basi halikuwa la mtihani. Mtuhumiwa mmoja alitoka.

"Sasa ya jana mchana, kabla haijageuka."

Hapa Mama Kengele alishika ukingo wa meza, maana picha hiyohiyo alikuwa ameiona giza tupu nusu saa iliyopita. Fundi alibonyeza tena. Doa lilikuwepo. Lilikaa kwenye macho mengine ya kamera, lakini walipopiga hesabu ya mahali pake angani, palikuwa palepale. Mwanga wa jua haukai mahali pamoja hivyo, na jicho bovu halihami. Watuhumiwa wawili wakatoka kwa mpigo.

"Ni nyota," alisema fundi.

"Ni nyota. Lakini kwangu, kwenye picha iliyosafishwa, haipo."

"Basi kuna mtu kaifuta."

"Sisi hatufuti. Tunafumba tu." Na alipolisema neno hilo alilisikia.

Walirudi nyuma siku kwa siku. Jumanne ilikuwepo. Jumatatu ilikuwepo. Jumapili jioni haikuwepo. Iliamka Jumatatu alfajiri. Fundi alitandaza kwenye kioo mstari wa idadi ya mionzi kwa siku nzima ya Jumatatu, na saa tano na dakika nne mstari ukaruka ghafla juu, kisha ukateremka taratibu.

"Hii nayo? Kamera imepigwa radi?"

Mama Kengele alisogea karibu na kioo. Alipima. Kupanda kulichukua sekunde mbili. Kushuka, sekunde ishirini na tano. Akatenganisha mionzi mikali na mionzi laini, akaona kwamba kadiri nuru ilivyopungua ndivyo mionzi mikali ilivyotangulia kuisha na ile laini ikabaki. Kitu kilikuwa kimewaka na sasa kilikuwa kinapoa.

"Radi haipoi hivi," alisema. "Mitambo haipoi hivi. Hii ni nyota ya nyutroni."

"Nieleze kwa Kiswahili cha jikoni."

"Ni nyota iliyokufa, ikajikunja mpaka ikawa na upana wa mji, na uzito wake unalishinda jua. Ina mwenzake hai wanaozungukana, na humnyonya gesi. Gesi inarundikana juu yake, kimya, kimya, kama maziwa kwenye sufuria. Ikifika kiasi chake inafoka yote kwa mara moja, inaungua, kisha inapoa. Shimo jeusi haliwezi kufanya hivyo, halina sakafu ya kurundikia."

"Kwa hiyo mruko huu ndio alama ya kidole."

"Ndiyo yenyewe. Bila huu nina doa tu, na kwa doa nimeshachekwa mara moja."

Alifurahi, na furaha ile ilidumu mpaka alipofika mlangoni. Kwenye picha zilizosafishwa, zile zilizokwisha kutangazwa dunia nzima, Jumatatu saa tano kulikuwa na giza. Angetangaza mruko huu, swali la kwanza kutoka kila kituo lingekuwa: mbona kwenye data yenu haupo?

Saa saba na nusu alikuwa amefungua orodha ya macho mabovu. Kwa wiki huongezwa mawili, matatu. Jumatatu saa nne na dakika ishirini asubuhi yaliongezwa kumi na moja, yote yamebanana sehemu moja, palepale ilipoangukia ile nyota kabla satelaiti haijageuka. Ndiyo maana ilizaliwa jana usiku. Haikuzaliwa. Satelaiti iligeuka, nyota ikatoka chini ya kiraka.

Sheria ya kituo ilitaka sahihi mbili kwa kila jicho linalofumbwa. Alishuka hadi chini ya ukurasa. Sahihi ya kwanza ilikuwa ya msafishaji wa data, mdogo wa mumewe, shemeji yake kabisa, ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyempelekea barua ya maombi pale kituoni baada ya miaka mitatu ya kukaa nyumbani bila kazi. Kikulacho ki nguoni mwako.

Sahihi ya pili ilikuwa yake mwenyewe.

Alikumbuka Jumatatu: shemeji kaingia na chai mkono mmoja na karatasi mkono wa pili, akasema ni yale ya kila wiki, na yeye akatia sahihi huku akiongea kwenye simu. Hakusoma hata mstari. Mkaguzi mzima, mwenye kukagua nyota, hakukagua karatasi. Aliona aibu, ikampanda hadi masikioni.

Alimkuta shemeji kwenye chumba cha kusafishia, na vipokea sauti masikioni, anatikisa kichwa kwa muziki. Alimwekea karatasi juu ya meza.

"Shemeji. Jumatatu ulifumba macho kumi na moja."

"Macho hufumbwa kila wiki, shemeji."

"Haya yamebanana kama vifaranga. Macho hayafi kwa ukoo."

Kijana huyu wa miaka thelathini na moja alivua vipokea sauti polepole, akavikunja waya, akaukunjua.

"Uliona nini?" alimuuliza.

"Doa."

"Ukadhani ni jicho bovu?"

"Hapana."

"Ulidhani nini?"

"Nilidhani ni ya Mzee Bado. Ya mtihani." Sasa maneno yalimtoka mbio. "Mwisho wa mwezi ni mkataba wako, shemeji. Kila mtu anasema wanataka sababu. Nikaona doa Jumatatu asubuhi, siku ya zamu yako, nikasema hili hapa, mtego umetegwa. Ungelipigia kengele wangekucheka mpaka jino la mwisho. Kaka angekuwa na wewe nyumbani, mimi ningebaki hapa natazamwa. Nikasema nilifumbe, lipite."

"Kwa nini hukuniuliza?"

"Ningekuuliza ungeandika. Wewe kila kitu unaandika."

Mama Kengele alikaa kwenye kiti cha pembeni. Alitaka kumkasirikia na hasira haikuja yote, maana ule woga aliufahamu ulikotoka. Kengele yake ya mwaka jana ndiyo iliyomfundisha huyu kijana kuogopa doa.

"Ni ya kweli," alimwambia. "Ni nyota ya nyutroni, na ilifoka Jumatatu saa tano. Dakika arobaini na nne baada ya wewe kuifumba."

Shemeji alifunika uso kwa viganja.

"Lazima nitangaze leo. Na lazima niseme mruko ulikuwa umefichwa wapi, na nani aliuficha."

"Sema programu ilifumba yenyewe. Hutokea."

"Ilitokea mara moja, miaka sita iliyopita."

"Basi itokee mara ya pili. Nani atajua?"

Hakuna ambaye angejua. Angeandika neno moja, hitilafu, na jioni wangekula pamoja kwa mama mkwe kama kila Alhamisi, mama aliyekwisha kuwaambia majirani wote kwamba kitinda mimba wake husafisha anga. Lakini programu ikishalaumiwa, kila picha waliyotoa kwa miaka sita ingetiliwa shaka, na nyota zote zilizopatikana humo zingerudishwa kizimbani. Na yeye angekuwa amefumba jicho la kumi na mbili.

"Shemeji," alisema kijana, "Mama ananitegemea mimi. Unajua kabisa."

"Najua."

"Basi usiandike jina langu."

Saa nane na dakika ishirini na sita. Alisimama akaenda kuandika, na kijana alielewa.

Taarifa aliiandika kwa robo saa, vidole vikigongana. Aliweka mahali pa nyota, nguvu yake, saa ya kuamka, na mchoro wa mruko. Mwisho aliandika: *Macho kumi na moja yalifumbwa kwa makusudi, bila hitilafu yoyote ya mitambo,* na baada ya hapo akaweka majina mawili kamili, la shemeji na lake, kwa mpangilio wa sahihi.

Mzee Bado alisoma akiwa amesimama. Alipofika kwenye mruko alirudia mara mbili. Alipofika kwenye majina alivua miwani.

"Huyu si mdogo wa mumeo?"

"Ndiye."

"Na huyu wa pili ni wewe."

"Nilitia sahihi bila kusoma."

Sasa mkurugenzi alikuwa na taarifa kwa maandishi, na ruhusa ya kufungua kabati alikuwa nayo. Alitoa bahasha, akavunja lakiri, akamwonyesha karatasi. Katikati palikuwa na neno moja kwa mwandiko wake: *Hakuna.*

"Robo hii sikupanda kitu," alisema. "Nilikuwa na kazi nyingi."

Mama Kengele alisoma neno lile, akamfikiria shemeji na mtego wake ambao hakuna aliyeutega. Akaomba kukaa.

Saa nane na dakika hamsini na moja mkurugenzi alitia sahihi amri. Kisha akavuta karatasi nyingine. "Sheria unaijua. Sahihi ya kwanza anaondoka leo. Sahihi ya pili itajadiliwa."

"Lini, Mzee?"

"Bado."

Saa tisa kamili satelaiti ilipita, fundi akapandisha amri, satelaiti ikajibu kwamba imepokea. Tangazo likaenda kwa vituo vyote vya dunia. Kisha ikawa kungoja, dakika tisini na sita, mpaka izunguke dunia na kurudi. Mama Kengele hakukaa wala hakunywa chochote. Saa tisa na dakika arobaini aliona dirishani mtu anavuka ua kuelekea getini, amebeba mfuko mdogo, na mlinzi anampekua kama wanavyopekuliwa wanaoondoka kabisa. Alitaka kushuka. Hakushuka.

Saa kumi na dakika thelathini na sita data iliteremka. Nyota ilikuwepo, iking'aa maradufu ya asubuhi, na ilikuwa imefoka tena: sekunde mbili kupanda, ishirini na sita kushuka. Muda huohuo ujumbe uliingia kutoka kituo cha nchi ya mbali, kwamba nao wameiona palepale. Fundi alipiga kigelegele kilichosikika hadi getini. Watu walitoka vyumbani mwao, wakamshika mikono, wakampongeza, wengine kwa jina alilopewa na wazazi wake, ambalo hakujua kama walilifahamu. Mzee Bado mwenyewe alicheka.

Simu yake ililia mfukoni. Alitoka nayo kwenye korido.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba mwanangu." Mama mkwe alikuwa akinong'ona. "Huyu mdogo wenu amerudi mapema. Amekaa uani, viatu hajavua. Nikimuuliza ananiambia nikuulize wewe. Kuna nini huko?"

"Mama, tumepata nyota. Yeye alikuwa ameificha. Hakuwa na nia mbaya, alitaka kunikinga mimi. Lakini sheria ilitaka niandike, nikaandika."

"Umemwandika yeye?"

"Nimemwandika yeye, na mimi nimejiandika."

"Na wewe umefukuzwa?"

"Bado, Mama."

Nyuma yake, chumbani, walikuwa wanapiga makofi tena, bila shaka kituo kingine kilikuwa kimejibu.

"Hiyo nyota," alisema mama mkwe hatimaye, kwa upole, kama mtu anayetaka kweli kuelewa, "ni nani kwako?"

Mama Kengele aligeuka, akafunga mlango wa chumba ili makofi yasisikike.

"Basi leo jioni msije," alisema mama mkwe, akakata simu.